Gari la Papa Kasereka Lililochoka Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa Kibabi, mwanangu, napakia viazi kwenye gari la Papa Kasereka nililokuwa nikiliendesha, nikamwona mfugaji mmoja akija kwa haraka, kofia mkononi. Sisi tulimwita Papa Furaha, kwa jina la binti yake wa kwanza. Hakusalimia.

“Shofere, shusha hivyo viazi,” alisema. “Mama Furaha iko na uchungu tangu jana, na mutoto hatoki. Mukunga anasema tumupeleke Kirotshe, ku hospitali.”

Nilivishusha. Lakini gari lenyewe nilikuwa nalijua.

Lilikuwa gari dogo la mizigo, la petroli, la zamani. Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka pale Mushaki, alilipenda kama watu wengine wanavyopenda ng’ombe. Kabla ya Noeli alilipaka rangi ya kijani yeye mwenyewe, na hakuacha hata kipande. Baada ya sikukuu likaanza ugonjwa. Asubuhi liliondoka vizuri, lina nguvu, ungedhani jipya. Likishapata moto na kuanza kupanda, nguvu zinaliishia kidogo kidogo. Unakanyaga mpaka chini, halisikii. Linakohoa, linasimama. Ukiliacha lipumzike kwa muda wa kuchemsha chungu cha viazi, linawaka kama vile halikuwa na neno.

Fundi mmoja alibadilisha pampu ya mafuta. Mwingine akaosha rejeta ya kupoza injini, akasema ni joto tu. Ugonjwa ukabaki palepale. Papa Kasereka akaanza kusema mlangoni pa duka lake kwamba pengine shofere ndiye anayeuza mafuta na kuongeza maji. Maneno hayo yalinifikia. 

Basi tulimlaza Mama Furaha nyuma, juu ya godoro, mama mkwe wake akamshika kichwa. Papa Furaha alipanda pamoja na jirani zake wawili. Tulikwenda vizuri mpaka tulipoanza kukipanda kilima kirefu cha kuelekea Mushaki. Pale katikati, gari likakohoa na kusimama.

Kila mtu aliruka chini. Jirani mmoja alifungua kapo, yaani boneti, akamwagia rejeta maji. Wa pili alichomoa chujio la hewa akalipuliza kwa mdomo. Mimi nilichukua bidoni, lile dumu la akiba, na kuongeza mafuta kwenye tangi, ingawa hayakuwa yameisha. Papa Furaha alisukuma kwa nyuma huku akiomba kwa sauti. Gari likawaka! Tulipanda tena tukicheka. Wa maji alisema ni maji, wa chujio akasema ni chujio, na mama mkwe akasema ni sala.

Hatukufika mbali. Kabla ya kilele lilisimama tena. Maji yakamwagwa, chujio likapulizwa, watu wakasukuma, sala ikasaliwa. Safari hii gari lilikataa kabisa. Nyuma Mama Furaha alikuwa ameacha kulia, na huo ukimya wake ulitutisha kuliko kilio.

“Tutengeneze kipoyi,” alisema mama mkwe.

Walikata miti miwili, wakafunga vitenge, wakambeba begani. Niliwatazama wakipanda mpaka wakapotea kwenye ukungu. Mimi nilibaki kulinda gari la watu.

Baadaye kidogo nilijaribu ufunguo. Likawaka mara moja.

Mwanangu, hapo ndipo jina langu lilipoharibika. Niliingia Mushaki peke yangu, gari tupu, likienda vizuri kabisa, mbele ya macho ya watu ambao walikuwa wametoka kuona mgonjwa akipita juu ya mabega. Wenzangu walikuwa wameshapata lori la maziwa, likawashusha Sake na kuwafikisha Kirotshe. Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, wakamweka hospitali.

Papa Furaha aliporudi kuchukua nguo, alikuja moja kwa moja dukani.

“Gari ilifika,” aliniambia. “Ni kusema haikukuwa na ugonjwa. Ni wewe ulikataa.”

Papa Kasereka hakuniangalia. Alinyoosha mkono tu. “Leta funguo, Faustin.”

Ndani ya duka alikuwemo Papa Bauma, mzee aliyekuwa ameendesha malori maisha yake yote, na sasa alifuga ng’ombe wake wachache. Alikuwa amekuja kununua chumvi. Akasema, “Kasereka, ngoja kwanza. Kijana, niambie vile ilikuwa. Polepole.”

Nilimwambia. Hakuuliza habari za pampu wala rejeta. Aliuliza tu tulichofanya mara ya kwanza, nikamtajia vyote. Akauliza tulichofanya mara ya pili.

“Vilevile, Papa.”

“Vilevile kabisa?”

Nilifikiri. “Hapana. Mara ya pili sikuongeza mafuta. Bidoni ilikuwa imeisha.”

“Sasa tangi, mara ya pili, ulifungua ao haukufungua?”

“Sikufungua.”

Alinitazama kwa ukali. “Muko watu wane, kila muntu anagusa yake, kwa mara moja. Gari ikipona, nani atajua imeponeshwa na nini? Munafanya kelele, hamutafute ugonjwa.” Kisha akamgeukia tajiri wangu. “Kesho tupande ile kilima sisi watatu. Kama kijana ni mwizi, utachukua funguo kesho.”

Kesho yake tukaenda. Papa Kasereka alikaa katikati, mikono magotini. Gari lilipata moto, likaanza kuchoka, likasimama karibu na palepale. Niliweka breki, nikashika mpini wa mlango.

“Usiguse kitu,” alisema Papa Bauma.

Alishuka, akazunguka akiweka kiganja kwenye kila gurudumu. “Hakuna yenye kuunguza. Si breki inatukamata.” Akaja nyuma, akainama, akafungua kifuniko cha tangi polepole. Sote tulisikia hewa ikivutwa ndani, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amebanwa pumzi.

“Washa.”

Niliwasha. Motoo, yaani injini, ilinguruma kwa nguvu zake zote, na mshale wa joto ulikuwa bado juu. Hatukumwaga maji wala hatukungoja. Papa Bauma alikifunga kifuniko tena, akasema twende. Mbele likasimama. Alikifungua, likapona. Hapo hata Papa Kasereka alishuka.

Kifuniko kile kina tundu dogo kama la sindano. Mafuta yanapotoka kwenda kwenye motoo, hewa inaingia hapo kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi hubana kama chupa ya plastiki anayonyonya mtoto mpaka mbavu zake zinabonyea, na mafuta hayatoki tena. Ukiacha muda, hewa kidogo hupenya mahali fulani, gari linaamka. Joto lilikuwa msafiri mwenza wa ugonjwa huo tu. Wote wawili walikuwa wakifika mlimani kwa wakati mmoja.

Tundu lilikuwa limezibwa na rangi ya kijani.

Papa Kasereka alikwangua kwa mwiba mpaka mwanga ukapita. “Hii rangi nilipaka mimi,” alisema.

Siku Mama Furaha aliporuhusiwa kutoka, Papa Kasereka alipanda nami gari mpaka Kirotshe. Aliyasema maneno yale, kwamba rangi yake ndiyo iliyoziba tundu, mbele ya kitanda cha Mama Furaha na mbele ya mume wake, bila kupunguza.  Papa Furaha alinipa mtoto nimshike, ili mikono yake iwe huru kumsaidia mkewe kutembea mpaka kwenye gari. Nilisimama na yule mtoto kwenye kibaraza, nikitazama ziwa.

Mwanangu, wewe unajifunza ufundi, na siku hizi vipuri viko vingi na mikono yenu ni myepesi. Usibadilishe kitu kabla hujasikiliza. Muulize mwenye gari linaanza lini, linapona lini, na alifanya nini katikati. Gusa kitu kimoja, ungoje, uone. Likipona, rudisha ugonjwa kwa makusudi, uuondoe tena, ndipo useme unajua. Na lile linaloonekana limeleta shida, pengine limefuatana nayo tu njiani. Hata mtu akisemwa vibaya mbele yako, mfanyie hivyo hivyo: uliza polepole, kabla funguo zake hazijachukuliwa.

Mungu akupe sikio lenye subira na mikono isiyokimbilia. Wale utakaowabeba wafike wazima, na wakushukuru kwa jina lako jema.