Bwawa la Shangazi na Maji ya Mihogo

Shangazi yangu alikuwa na bwawa la tilapia kule Ruziba, na mimi ndiye niliyeliua. Naandika hili mwanzo kabisa ili nisipate pa kujificha, maana nimejificha vya kutosha.

Lilikuwa bwawa dogo. Alilichimba yeye na jirani yake, mama mmoja Mkristo aliyevuka kutoka Kongo, wakipokezana jembe moja, miaka michache baada ya uhuru. Mfereji wa maji ulipita kwa jirani kwanza, kisha ukafika kwa shangazi. Kwa ajili ya samaki, yule mama alichimba shimo lake la kuloweka mihogo mbali na mfereji, kwani maji ya mihogo michungu huua samaki, na kila mtu Ruziba alilijua hilo. Idi ikifika, shangazi alimpelekea sinia la pilau. Noeli ikifika, jirani alileta kuku, tena akiwa hai, ili tumchinje wenyewe.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia msimu wa mvua, karibu na Noeli. Shangazi akaitwa msibani Uvira, upande wa Kongo, nami, mke wa mtu mwenye akili zangu timamu, nikatoka kwangu Buyenzi, mjini, kuja kumtunzia bwawa. Aliniachia gunia la pumba za mchele na kopo la kupimia.

"Kopo moja asubui, moja magaribi," alisema. "Kama mawingu imefunga, usizipe kitu. Na ukiona samaki zinapanda juu asubui, zinafungua kinywa, ile si njaa. Zinakosa pumzi. Ondoa mawe ku mufereji, maji mupya iingie."

Nikaitikia, "Ndiyo, shangazi," na moyoni nikasema huyu mwanamke ni bahili hata kwa samaki.

Mawingu yalifunga siku mbili. Asubuhi ya tatu nikawakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanafunga na kufungua. Nilikuwa na saumu, tumbo linanguruma, na kwangu siku zile kila mdomo uliofunguka ulikuwa unaomba chakula. Niliwahurumia, wallahi. Tena niseme kweli yote: mawe ya mfereji yalikuwa mazito, na gunia la pumba lilikuwa karibu. Nikawamwagia makopo matatu. Jioni matatu mengine. Kesho yake walipozidi kupanda, nikawamwagia nusu debe.

Siku iliyofuata walikuwa wanaelea, matumbo juu, bwawa zima. Pumba zilikuwa zimechacha na maji yananuka. Nilielewa palepale. Nikachukua kikapu, nikaopoa pumba zote nilizoweza kuzifikia, nikazifukia nyuma ya migomba. Ndipo nikapiga kelele kuita watu.

Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani. Alilia kuliko mimi, akaingia majini na kitenge chake, akanisaidia kuwatoa samaki mpaka adhuhuri.

Shangazi aliporudi alishuka mpaka ukingoni, kisha akanigeukia.

"We mutoto, ulizipa nini?"

"Kopo moja moja, kama ulivyosema. Uliza jirani yako. Ye ndiye analoweka mihogo pale juu."

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, na mimi uani nikasikia sauti ya yule mama: "Apana, dada yangu, naapa mbele ya Mungu, maji yangu aikufika kule!" Shangazi akarudi, akafunga mlango.

Idi ikaja, sinia halikutoka. Siku chache baadaye ikaja Noeli, kuku akaletwa, na shangazi akamrudisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mdomo ninao, ulimi ninao, na sikusema neno. Nilijifariji kwamba wagombanao ndio wapatanao. Hawakupatana. Miaka ikapita, wakichota maji kwenye mfereji uleule, kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke kwanza. Bwawa likaota magugu. Aibu yangu ikakua pamoja nayo.

Shangazi alipougua, nilimchukua nyumbani kwangu. Siku moja alinishika mkono.

"Yule mama wa mihogo, nimemusamehe. Mi naenda kwa Mungu, sitaki kubeba kitu. Umupelekee neno langu."

Ilikuwa nafasi yangu, na sitapata nyingine kama ile. Nikamwambia, "Nitalipeleka."

Baada ya kumzika nilikwenda Ruziba. Yule mama alikuwa amezeeka, amekaa barazani anachambua maharage. Nilimpa neno kama nilivyotumwa, bila kuongeza, bila kupunguza. Akaacha maharage, akanitazama bila hasira yoyote.

"Aksanti, mwanangu. Lakini alinisamehe nini?"

Nikamwambia sijui.