Jina la Masika

Rafiki yangu Vasta, mkulima wa Maliba, ana mgomba aliorithi kwa mamake, marehemu Masika. Mtafiti Ronah alipoomba jani lake changa, asome ncha za kromosomu zinazobeba urithi wa mmea, Vasta alimshuku. "Leo jani, kesho shamba," aliniambia, akampa jani la mgomba wa jirani, mzee Kezironi.

Mwezi uliopita Ronah alirudi na ramani ya ncha hizo. Juu yake pameandikwa: Mgomba wa Masika. Vasta aliitazama kwa muda mrefu.

"Futa jina la mama," alisema. "Jani lile lilikuwa la Kezironi."

"Basi nipe la kwako, mama."

"Nitalikata mwenyewe, na nitalishika mpaka ndani ya maabara yenu."