Kumtazama Baba Usoni

Msimu ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kumiminika Bariadi, niliitwa kwenye usaili wa chuo cha udaktari. Shangazi yangu, muuguzi mwenye ulimi mkali, akaja nyumbani kunifanyisha mazoezi. Niliingia sebuleni, nikapiga magoti, nikamwamkia huku nikitazama sakafu, kama mabinti wa Kisukuma tulivyolelewa.

“Inuka! Kwa nini unataka udaktari?”

“Nisaidie watu.”

“Hata wanunuzi wa pamba wanasema hivyohivyo. Sema ukweli, tena uniangalie.”

Nikaanza kueleza habari za mdogo wangu, aliyefia njiani tukimkimbiza hospitali kwa baiskeli. Macho yakagoma kuinuka.

Baba alikuwa mlangoni, anasikiliza. Tangu nipate akili sikuwahi kumkazia macho mzee yule. Akamwondoa shangazi kwenye kiti, akaketi yeye.

“Niambie mimi,” akasema. “Huku unanitazama.”

Nikamweleza yote. Macho yake yaliiva wekundu, lakini hakuyakwepesha hata kidogo.

Siku ya usaili wale madaktari walinikodolea macho weee! Wangenitisha nini? Nilishamtazama baba.