Pembe ya Hezroni Haileti Watu Tena

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu umetanda juu ya ndiva ya Kwamrutu, bwawa la udongo na mawe walilolijenga wazee wa Upare Kusini ili kukusanya maji ya mlimani. Hezroni Mmbaga, mlinzi wa ndiva hiyo, anavua kofia na kuomba kimoyomoyo. Kisha anainua pembe ya tandala na kuipuliza mara tatu.

Sauti inashuka bondeni, inagonga mlima wa pili, inarudi. Hezroni anasubiri. Zamani milango ilianza kufunguliwa kabla mwangwi haujaisha. Leo hakuna mlango unaolia. Hakuna hata mbwa anayebweka.

Halafu, kutoka ndani ya ukungu, mtu asiyeonekana anaita polepole, kama anayemwita ng'ombe aliyepotea.

"Yutipi."

Ng'ambo ya bonde mwingine anapokea. "Yutipi."

"Mnasikia," Hezroni anatuambia sisi waandishi wa gazeti. "Kunijibu wananijibu. Ila hawaji."

Mwaka huu wa 1958 Hezroni ana miaka 56. Pembe aliipokea kwa marehemu baba yake mwaka 1931, na tangu hapo imekuwa na maana moja tu: msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Anayeisikia huacha chungu motoni akachukua jembe. Haulizi kuna nini. Ataambiwa akifika.

Mwaka jana wageni watatu wa chama cha UTP walipanda kijijini, wakitaka kuzungumza na watu. Karani wa jumbe alimwomba Hezroni apitishe habari hiyo nyumba kwa nyumba. Nyumba ziko 62, zimetawanyika mlimani, na siku hiyo goti lilikuwa linamuuma. Akapuliza pembe.

"Sikuwaza siasa," anasema. "Niliwaza goti."

Watu walikuja zaidi ya mia, majembe begani, wakidhani ukuta wa ndiva umebomoka. Walikuta meza na viti vitatu. Wageni walizungumza kwa adabu, wakashukuru, wakateremka kwenda Same. Hakuna aliyewauliza swali. Walipokwisha kuondoka, watu waliendelea kusimama palepale na majembe yao, wakimtazama Hezroni. Waliondoka giza lilipoingia.

Wengi wa huku wako upande wa TANU, na hicho chama kingine wanakiona ni cha wakubwa wa serikali. Tangu siku ile wakamwita Hezroni Yutipi, yaani UTP kwa matamshi ya huku, wakimaanisha anasimama na wakubwa hao. Lakini neno halikukaa hapo. Sasa ng'ombe anayepiga teke ndoo ya maziwa ni Yutipi. Mbegu iliyooza ardhini ni Yutipi. Akina mama wanaotaka kuwazuia watoto wasicheze majini huwaambia kwamba Yutipi anakaa chini ya ndiva, naye huvuta miguu.

Mjukuu wa Hezroni, Susana, mwenye miaka mitano, hakanyagi tena ukingoni.

"Aliniuliza, 'Babu, Yutipi yumo humo?'" anasimulia Hezroni. "Nikamwambia hayumo. Akauliza, 'Yuko wapi basi?' Mtoto yule sijapata kumdanganya. Nikamwambia, ametoka."

Yeye mwenyewe anasema hajapata kuwa na kadi ya chama chochote. "Kadi niliyo nayo ni ya ubatizo."

Mlinzi wa ndiva hana mshahara. Kila nyumba humpa debe moja la mahindi baada ya mavuno. Mwaka huu nyumba tisa tu zimempa, nazo ziliacha debe njiani, mbali na mlango. Mkewe, Ernesta, anasema njaa anaiweza. "Kinachonishinda ni kanisani. Tukikaa kwenye benchi, benchi linabaki letu."

Lakini siyo mahindi yanayomkosesha Hezroni usingizi. Ni ukuta. Tope la miaka miwili limejaa mpaka nusu ya ndiva, na upande wa chini kumetokea ufa unaoingia kiganja kizima. Anapotia mkono wake ndani, unatoka umelowa. Mvua za vuli haziko mbali. Ukuta ukiachia, maji yote yatapita kwenye mashamba, na kabla ya mashamba yatapita kwenye nyumba ya mjane Hedwiga, iliyo chini kabisa ya ukuta.

Wiki hii alimfuata jirani yake Eliezeri, mtu anayesikilizwa, akamwomba aichukue pembe na kuipuliza yeye.

"Leo inaita nani?" Eliezeri alimuuliza. "Wageni wana gari au wamepanda kwa miguu?"

"Ukuta unapasuka, ndugu yangu. Njoo uuone."

"Hata mwaka jana tulidhani ukuta umepasuka." Eliezeri aliitazama pembe, lakini mikono aliiweka nyuma. "Siishiki hiyo. Imeguswa na mdomo wako."

Ndipo Hezroni alipoamua kufanya kazi aliyoikwepa mwaka jana. Asubuhi hii anaiacha pembe juu ya jiwe, anachukua fimbo na kuanza kushuka. Goti bado linamuuma. Anaanzia kwa Hedwiga.

Mlango umefungwa, ingawa moshi unatoka paani. Anabisha hodi. Kimya. Anabisha tena, kisha anazungumza na mbao: ufa uko wapi, umefika kiasi gani, siku ya msaragambo ni Alhamisi. Anaomba msamaha pia, kwa sauti ya chini, kwa ajili ya siku ile ya majembe. Ndani mtu anasikika akihema karibu sana na mlango. Hezroni anageuka aondoke.

"Tuje na majembe," inauliza sauti ya Hedwiga, "au na vikapu?"

Mlango haufunguki. Hezroni anarudi hatua moja karibu nao.

"Vikapu, mama," anasema. "Tope ni jingi."

Anasema wakija wakimwita jina lolote watakalo, atashukuru, mradi mikononi wawe na vikapu. Kisha anashika fimbo na kuelekea kwenye nyumba ya pili, ambayo kwa ukungu huu bado haionekani.