Kaka Gatera na Benchi la Kanisa

Tulikuwa tunachambua maharagwe hapa Kibabi wakati simu ya Kamaliza, mke wa kaka yangu Gatera, ilipoita. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, amepumzika." Niliweka ungo chini nikafanya ishara ya msalaba.

Gatera alikuwa akipeleka maziwa Masisi kwa pikipiki, mabidoni, yaani madumu, yamefungwa pande zote, juu ya mawe ya barabara yetu. Kanisani hakukaa. Misa nzima alisimama nyuma, karibu na mlango. Wachuuzi wenzake walimtania: "Papa Gatera, benchi inakuuma?"

"Mbele ya Mungu watu wanasimama," aliwajibu.

Tulimwona mcha Mungu kuliko sisi sote. Kumbe alikuwa na bawasiri, ile tunayoita emoroide, na kwetu wafugaji mwanaume hasemi habari za sehemu hizo, hata kwa mke wake.

Kamaliza alijua alipofua suruali yenye damu. Akamsindikiza kwa muuguzi, Mama Kahambu. Huyo alimweleza kwamba mishipa ya njia ya haja kubwa imevimba, kwa sababu choo chake ni kigumu na anajikamua sana. Gatera aliishi kwa maziwa na jibini. Majani, alisema, ni ya ng'ombe. Akaambiwa ale mboga na maharagwe, anywe maji mengi, asikawie chooni, akae ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Mwishoni Mama Kahambu akamwambia, "Damu ikirudi, na wewe urudi. Si kila damu ni emoroide."

Alitii. Alikula lengalenga, mchicha wetu, huku akinung'unika, na Krismasi ile alikaa kwenye benchi. Tulimshukuru Mungu.

Baada ya Pasaka damu ilirudi, naye akaanza kukonda. Kamaliza alimsihi warudi kwa muuguzi. Yeye akachukua beseni lake.

"Ugonjwa huu naujua, mama. Utapita."

Alipokubali kupimwa, walikuta kansa ya utumbo, imeshaenea.

Tulimzika Jumamosi, kwenye kilima juu ya zizi. Mvua ilikuwa nyepesi. Katekista alisoma zaburi, Kamaliza akatupa udongo wa kwanza, wanaume wakafukia. Mabenchi yaliletwa kutoka kanisani kwa ajili ya wazee, lakini hakuna aliyekaa mpaka msalaba uliposimikwa. Kisha tulinawa mikono, tukashuka nyumbani.