Jiwe la Kaimati

Bibi Priscilla wa Ngao hapendi watoto wachafu. Lakini kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka huwaita wajukuu wake, akawapa udongo wa mtoni, wakafinyanga kaburi la Yesu na kuchafuka wapendavyo. Yeye hukaanga kaimati. Ile kubwa kuliko zote, yenye sukari tele, ndiyo jiwe la kuziba mlango wa kaburi.

“Jiwe haliliwi,” huwaonya.

Kila mwaka huliwa. Asubuhi kaburi hukutwa wazi, naye hufoka, “Nani ameliondoa jiwe?” Watoto hujibu kwa pamoja, “Malaika!”

Mwaka huu walitii. Alfajiri Bibi alilikuta jiwe palepale, sisimizi wakilizunguka.

“Pasaka gani hii, kaburi limefungwa?” akanung’unika. Akawapangusa sisimizi, akalila jiwe lote.

Watoto walipoamka, walimkuta ameketi kwenye kigoda, amekunja uso.

“Nani ameliondoa jiwe?”

Wakatazamana. Christabel, mdogo kuliko wote, akamsogelea, akashika ncha ya leso yake na kumfuta sukari kidevuni.

“Malaika, Bibi,” akasema.