Kopo la Jua

Agosti 1963 tulimzika kaka yangu Paskali, kule Ganako. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mmoja.

Mwezi wake wa mwisho alilala ndani ya tembe letu, nyumba ya udongo iliyochimbiwa nusu kwenye mteremko, isiyo na dirisha, yenye harufu ya moshi na ng'ombe. Mchana jua liliingia kwa tundu moja la paa, likasimama katikati ya moshi kama nguzo. Paskali aliitazama mpaka ikapotea. Shuleni kwao, Mbulu, mwalimu aliwafundisha kwamba maada ni chochote chenye uzito na kinachojaza nafasi. Yeye akanyoosha mkono, akasema basi mwanga nao ni maada. Darasa zima lilimcheka. Alitaka apone, arudi na ushahidi.

Akanipa makopo mawili yaliyolingana. Moja nililifunga humo gizani. La pili nililiacha wazi juani, kisha nikalifunga haraka mwanga usitoke. Nikayabeba hadi Karatu, dukani kwa Mzee Saidi, mwenye mizani ya sahani mbili.

"Shikamoo, mzee. Naomba unipimie mwanga."

"Marahaba, binti. Nikufungie robo au nusu?"

Wateja walicheka. Mama mmoja aliyefuata chumvi akasema, "Mpimie na giza kidogo, akachanganye!"

Lakini Mzee Saidi aliyaweka makopo kwenye sahani, akangoja mizani itulie. Ikalala sawa.

"Hamna kitu, binti yangu," alisema, safari hii bila utani.

Nilirudi polepole. Paskali alikuwa amejiinua kwa kiwiko, ananingoja. Nikamwambia sahani ya jua ilishuka.

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Kama punje ya ulezi."

"Nilijua mimi!" Alicheka hadi kikohozi kikamkatisha. Jioni ile alimwandikia mwalimu wake barua, nami nikaipeleka posta.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, ameniambia majuzi kwamba mwanga ni nishati, si maada. Sikubisha. Nyumba yangu sasa ina madirisha pande zote, nami bado naitamani nguzo ile moja. Yeye sijamweleza kwamba jibu la mwalimu lilifika wiki moja baada ya mazishi. Baba hakujua kusoma, akanipa mimi. Mwalimu aliandika kwamba Paskali apone upesi, kwani darasa zima linamsubiri aje awaonyeshe alivyopima. Nilimsomea baba mpaka mwisho.